Aretha hakuwahi kutoka kanisani, na ushahidi uko kwa albamu zake

Kwetu nyumbani muziki ulikuwa wa aina mbili tu: nyimbo za Mungu na nyimbo za dunia. Hakukuwa na katikati. Rhumba ilikuwa dunia. Bongo, dunia. Sauti Sol, dunia kabisa, hata ile ngoma yao waliyoimba na kwaya kumhusu Yesu. Mathe aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu, na redio ya jikoni ilikaa stesheni moja miaka yote hadi nikadhani kile kitufe kimeungua.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo ataishiaje kuwa shabiki sugu wa mwanamke aliyeimba "Dr. Feelgood"? Niliingia kwa mlango ambao Aretha Franklin mwenyewe aliacha wazi.

Agosti 2018 nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule, tunakatakata sukuma mbele ya TV. Habari zikasema Aretha Franklin amefariki Detroit akiwa na miaka 76. Wakaweka kipande kifupi akiimba wimbo wa kanisa. Mathe akaacha kisu juu ya sukuma. "Huyo dada ni wa kanisa gani?" Nikasema sijui, lakini nitatafuta. Usiku nikatumia bando yangu yote kushusha albamu iliyokuwa na jina ambalo halingeleta shida nyumbani: Amazing Grace, ya 1972.

Ile albamu ilipita ukaguzi wote. Ikachezwa Jumapili asubuhi, ikachezwa tukifua. Halafu siku moja programu ya muziki ikamaliza albamu na kuendelea yenyewe, bila kuniuliza, na sauti ileile ikaanza kuimba jinsi mwanamume fulani anavyomtibu kuliko daktari yeyote. Kutoka jikoni nikasikia:

"Zima hiyo. Si huyo ni yule wa kanisa?"

"Ndiye, mama."

"Sasa huyu ameokoka ama hajaokoka?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta miaka yote hii, albamu moja baada ya nyingine. Na wacha niseme mapema, kwa maoni yangu swali lenyewe lina kasoro. Lakini mathe hakuwa wa kwanza kuliuliza. Watu wa Detroit waliuliza hivyohivyo.

Tuanze na babake, juu bila yeye hutaelewa chochote. Clarence LaVaughn Franklin alikuwa mhubiri wa kanisa la New Bethel Baptist, Detroit, kuanzia 1946. Si pasta wa kawaida. Mahubiri yake yalirekodiwa kwenye santuri na kuuzwa kama ngoma, yakachezwa redioni, watu wakawa wanayajua kwa moyo. Akifika mwisho wa mahubiri alikuwa haongei tena, anaimba. Kanisa lilikuwa Hastings Street, mtaa wa watu weusi ambapo vilabu vya muziki na makanisa vilikuwa majirani. Huo mtaa haupo siku hizi. Serikali iliubomoa ikapitisha barabara kuu. Ukiwa umeishi Nairobi hiyo sehemu sihitaji kukueleza.

Aretha alizaliwa Memphis tarehe 25 Machi 1942. Mamake, Barbara, alikuwa mpiga piano na mwimbaji pia, lakini wazazi walitengana akiwa mdogo, na mama akafariki 1952, siku chache kabla ya Aretha kutimiza miaka 10. Nyumba ikabaki ya baba na wageni wake. Na wageni wenyewe, bana! Mahalia Jackson alikuwa akija. Clara Ward alikuwa akija. Dinah Washington, Sam Cooke. James Cleveland aliwahi kuongoza muziki hapo New Bethel, na Aretha alijifunza mengi kwa kumtazama akichapa piano. Mafunzo rasmi aliyakataa. Alicheza kwa kusikia tu.

Albamu yake ya kwanza si ile wengi wanafikiri. Ilirekodiwa 1956 ndani ya New Bethel, akiwa na miaka 14, yeye na piano na waumini wakimjibu. Baadaye ilikuja kujulikana kama Songs of Faith. Isikilize ukiwa umekaa chini. Sauti ya rekodi ni mbaya, kama simu iliyoanguka kwa maji, lakini huyo mtoto anaimba kama mtu aliyezika watu. Na kwa kweli alikuwa amebeba mengi: shule aliacha mapema, na kabla hajafika miaka 15 alikuwa na watoto wawili. Watu wanaipita hiyo sehemu haraka wakiandika habari zake. Mimi huwa nashikwa hapo, juu sauti inayoitwa kipaji cha Mungu ilikuwa pia sauti ya msichana aliyekuwa anahitaji mahali pa kupeleka uchungu wake, na mahali penye piano palikuwa kanisani.

Hapa kuna kitu ambacho ningependa mathe angejua siku ile. Huo muziki wenyewe wa gospeli, ule anaouita safi, ulianzishwa kwa kiasi kikubwa na mpiga piano wa blues. Anaitwa Thomas Dorsey. Kabla ya nyimbo za kanisa alijulikana kama Georgia Tom, alimpigia piano Ma Rainey, na kuna nyimbo zake za wakati huo ambazo siwezi kueleza hapa. Mwaka wa 1932 mkewe alifariki akijifungua na mtoto naye akafa. Kwa huzuni hiyo ndipo alitunga "Take My Hand, Precious Lord." Dorsey alichukua mwendo wa blues akauingiza kanisani, na makanisa mengi yalimfungia mlango yakisema hiyo ni ngoma ya shetani. Miaka michache baadaye ikawa ndiyo muziki wa kanisa. Kwa hivyo hao wazee waliomlaumu Aretha kwa kupeleka muziki wa kanisa duniani walikuwa wanalinda kitu ambacho wazazi wao walikilaumu kwa kutoka duniani. Chekeni kidogo.

Mwaka wa 1960, akiwa na miaka 18, Aretha alitia saini na Columbia huko New York. Aliyemchukua ni John Hammond, yule aliyekuwa amemgundua Billie Holiday na baadaye kumchukua Bob Dylan. Babake alikubali, tena alisafiri naye. Sam Cooke alikuwa ameshavuka kutoka gospeli kwenda nyimbo za mapenzi mwaka wa 1957 na watu wa kanisa walimkasirikia sana, kwa hivyo mzee alijua kinachomngoja binti yake. Wapo waumini waliolalamika. Alisimama naye.

Miaka ya Columbia ndiyo watu huruka. Hadithi ya kawaida inasema: alipotezwa miaka sita, hakuna aliyejua la kufanya naye, halafu akaokolewa. Ni nusu ya ukweli. Ukihesabu kutoka 1961 hadi 1966 alitoa takriban albamu nane. Wakamfunika kwa violini, wakampa nyimbo za maigizo ya jukwaani, jazi, nyimbo zilizovuma za watu wengine. Kuna moja, Yeah!!!, ya 1965, walirekodi studio halafu wakabandika kelele za watu ili ionekane ni shoo. Ndiyo, kupakia makofi ya uongo hakukuanza na sisi wa video fupi.

Lakini sikiliza Unforgettable, ya 1964, aliyomwimbia Dinah Washington aliyekuwa amefariki Desemba 1963. Dinah alikuwa mtu wa nyumbani kwao. Hapo hakuna aliyepotea. Niliisikiliza kwa mara ya kwanza mwaka nilioacha chuo, nimerudi kwa mathe na mfuko wa nguo, kila shangazi akiniuliza "sasa unafanya nini?" Nilihitaji sana kusikia mtu mwenye miaka 21 akiimba vizuri hivyo katika kipindi ambacho vitabu vinakiita cha kufeli. Sisemi ilinisaidia kupata kazi. Nasema niliisikiliza sana.

Mkataba wa Columbia ukaisha 1966, na Jerry Wexler wa Atlantic akamchukua. Wazo la Wexler lilikuwa rahisi hadi linaudhi: mrudishe kwenye piano. Januari 1967 wakasafiri hadi Muscle Shoals, Alabama, studio ya FAME ya Rick Hall. Bendi ilikuwa karibu yote ya vijana wazungu wa Kusini. Wazia picha hiyo, Alabama, 1967. Walizungukazunguka wimbo wakitafuta pa kuushika, hadi Spooner Oldham akapata kile kipande kidogo cha kinanda cha umeme kinachofungua "I Never Loved a Man." Aretha akakaa kwenye piano, na kila aliyekuwa kwenye chumba akajua.

Halafu siku hiyohiyo kila kitu kikaharibika. Pombe ilikuwepo. Mumewe Aretha, Ted White, aligombana na mmoja wa wapiga tarumbeta, na usiku ugomvi ukahamia kati yake na Rick Hall hotelini. Asubuhi safari ikavunjika. Wexler alirudi New York na wimbo mmoja kamili na nusu ya mwingine. Ikabidi awasafirishe wale wanamuziki wa Alabama hadi New York kumalizia albamu.

Albamu ikatoka Machi 1967: I Never Loved a Man the Way I Love You. Wimbo wa kwanza ni "Respect." Otis Redding ndiye aliyeuandika na kuutoa 1965, mwanamume akidai heshima akirudi nyumbani na doo zake. Aretha na dada zake, Carolyn na Erma, waliugeuza: mwanamke ndiye anadai, neno linatajwa herufi kwa herufi, na wale dada nyuma wanamjibu kama wazee wa kanisa wanavyomjibu mhubiri. Juni wimbo ukawa namba moja Marekani. Mwezi huohuo Otis mwenyewe alitania jukwaani Monterey kwamba kuna msichana amemnyang'anya wimbo. Alikufa kwa ajali ya ndege Desemba. Na jambo la kuwaudhi wanaotengeneza maudhui: kwa sheria za Marekani, redio ikicheza wimbo humlipa mtunzi, si mwimbaji. Kwa hivyo miaka yote hiyo "Respect" ikichezwa redioni, haki ya Aretha kwa hilo ilikuwa sifuri.

Kwenye albamu hiyohiyo ndipo "Dr. Feelgood" ilipo. Nimeisikiliza na kipawa cha mtoto wa kwaya, na nakuambia: ule ni mwendo wa wimbo wa kutubu. Piano inatambaa, inangoja, inamwitikia mwimbaji kabla hajamaliza sentensi. Toa maneno, weka maneno ya zaburi, mathe angeinua mkono. Na si mimi nimelazimisha hilo. Sikiliza Live at Fillmore West, ya 1971, San Francisco, ukumbi umejaa mahipi wenye nywele ndefu. Anaimba "Dr. Feelgood" palepale, na mwisho anaacha wimbo uende, anaanza kuwahubiria. Wale watoto wa wazungu wanamjibu kama waumini.

Lady Soul, ya 1968, nitaipitia mbio kwa sababu kila mtu anaisifu na wako sahihi. Nakuachia kitu kimoja tu: "Ain't No Way." Carolyn, dada mdogo, ndiye aliyeutunga. Na ile sauti ya juu inayoelea nyuma kama filimbi ni ya Cissy Houston, mamake Whitney.

Kuna watu wanasema kanisa la Aretha lilikuwa la nyimbo tu. Hapana. Babake aliongoza maandamano makubwa ya Detroit Juni 1963 akiwa na Martin Luther King. Na 1970, Angela Davis alipokuwa jela, Aretha alisema hadharani yuko tayari kumlipia dhamana, kwa sababu pesa zake zilitoka kwa watu weusi na angetaka ziwafae watu weusi. Babake hakulipenda hilo. Alilisema hata hivyo.

Sasa tufike tulikoanzia. Tarehe 13 na 14 Januari 1972, Aretha, miaka 29, malkia wa soul, anaweza kurekodi studio yoyote duniani. Anachagua kanisa la New Temple Missionary Baptist, Watts, Los Angeles, jengo lililokuwa sinema zamani. Kwenye piano na kipaza sauti ni James Cleveland, yuleyule wa utotoni. Kwaya ni Southern California Community Choir, ikiongozwa na Alexander Hamilton. Na bendi? Bernard Purdie kwenye ngoma, Chuck Rainey kwenye besi, Cornell Dupree kwenye gitaa. Hao ni watu wa nyimbo zake za dunia. Hakuwabadilisha. Aliwaleta walivyo.

Na nyimbo alizochagua, angalia. "Wholy Holy" ni ya Marvin Gaye. "Precious Lord" ya Dorsey aliifuma pamoja na "You've Got a Friend" ya Carole King, ikawa wimbo mmoja. "You'll Never Walk Alone" ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani. Ndiyo, ninyi wa Liverpool, ni huo huo, na samahani, hakuna uwanja umewahi kuuimba hivyo. Halafu "Amazing Grace" yenyewe, karibu dakika 11. Huo wimbo umeuimba mazishini mara ngapi? Yeye anauvuta neno moja hadi unasahau linalofuata. Katikati James Cleveland anaacha piano, anakaa, anafunika uso kwa kitambaa na kulia.

Usiku wa pili babake alikuja, pamoja na Clara Ward. Mick Jagger alikuwa nyuma ya kanisa, na hakuna aliyemjali. Mzee aliposimama kuongea, alisimulia jinsi watu wanavyosema binti yake amerudi kanisani, halafu akasema ukweli ni kwamba hakuwahi kuondoka. Albamu ikatoka Juni, sahani mbili, na katika kazi yake yote hakuna albamu iliyouza kuliko hiyo: zaidi ya nakala milioni mbili Marekani pekee.

Ilirekodiwa pia kwa kamera, na mwelekezi alikuwa Sydney Pollack. Lakini walisahau kupiga ule ubao wa kuoanisha picha na sauti mwanzo wa kila kipande. Kitu kidogo hivyo! Filamu ikakaa stoo zaidi ya miaka 40. Ilipotengenezeka, Aretha mwenyewe alienda kortini kuzuia isionyeshwe. Imetoka Novemba 2018, amekufa miezi mitatu iliyopita. Huwa sijui nijisikieje kuitazama, lakini nimeitazama, mara nyingi.

Baada ya 1972 kuna mabonde mengi na sitajifanya nayapenda yote. Babake alipigwa risasi na wezi nyumbani 1979, akakaa bila fahamu miaka mitano hadi akafa 1984. Mwaka wa 1987 aliingizwa kwenye jumba la heshima la rock and roll, mwanamke wa kwanza kabisa, na mwaka huohuo alirudi New Bethel kurekodi albamu ya gospeli kwenye kanisa la marehemu. 1998 akamruhusu Lauryn Hill, mtoto kwake, amwandikie na kumtengenezea "A Rose Is Still a Rose."

Mathe nilimwonyesha ile filamu mwaka jana. Simu tuliiegemeza kwa kopo la sukari. Hakusema kitu usiku wote wa kwanza, ila kurekebisha sauti ya pili ya kwaya mara moja, kwa kunung'unika. Halafu ikafika ile sehemu Aretha anacheza piano, jasho linamwagika, na mzee Franklin anasimama kutoka kiti cha mbele, anaenda hadi kwenye piano na kumpangusa uso kwa kitambaa, taratibu, kama mtoto mdogo. Yeye hasimami kucheza. Hafungui hata macho.

Mathe akavuta kiti karibu. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Tukaiona tena.

"Huyo mzee alimjua mtoto wake," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini ile ya daktari usiniwekee humu ndani."